Gitaa Mlangoni mwa Walii: Bendi ya Junoon na Roki ya Kisufi ya Pakistani



 Waalikwa wengine wamekuja kwa sababu wanapenda gitaa. Wengine wamekuja kwa sababu wanapenda kaswida na habari za mawalii. Makundi hayo mawili hayakutani kila siku katika ukumbi mmoja, na kukutana kwao leo ni jambo jema.

Mhadhara huu unahusu Junoon, bendi iliyoundwa Lahore, Pakistani, mwaka 1990, ikaunganisha roki ya Magharibi na ushairi na midundo ya Kisufi ya Punjab. Jina lake, kwa Kiurdu, maana yake ni wazimu wa mapenzi. Katika miaka ya 1990 hakukuwa na bendi ya roki iliyosikika zaidi katika Bara Hindi, na hadi leo mtu akitaja roki ya Kisufi, Junoon ndiyo inayotajwa kwanza.

Dhamira ni moja. Mara nyingi habari za Junoon husimuliwa kana kwamba siri yake ilikuwa kuweka tabla kando ya gitaa la umeme. Mhadhara huu unadai kwamba siri ilikuwa kubwa zaidi: bendi hii ilirithi kutoka kwa washairi wa Kisufi ile haki yao ya kale ya kumhoji mwenye mamlaka, awe mfalme, kadhi au waziri, ikaipeleka katika viwanja vya michezo. Dai hilo litatetewa kwa hoja tano.

Hoja ya kwanza: Roki ya Junoon ilitokana na safari ya kurudi nyumbani

Mwanzilishi wa bendi, Salman Ahmad, alizaliwa Lahore mwaka 1963. Akiwa bado mtoto alihamia Marekani na wazazi wake, wakaishi Tappan, mji mdogo katika jimbo la New York. Mwaka 1977 alihudhuria tamasha la Led Zeppelin katika ukumbi wa Madison Square Garden, na kwa maelezo yake mwenyewe usiku ule ndio uliomtia hamu ya gitaa. Shuleni alipata rafiki Mmarekani aitwaye Brian O'Connell. Jina hilo tulikumbuke, maana litarudi.

Mwaka 1981 familia ilimtaka arudi Lahore akasomee udaktari katika Chuo cha Tiba cha King Edward. Alitii. Nchi aliyoikuta ilikuwa chini ya Jenerali Zia-ul-Haq, aliyetwaa madaraka mwaka 1977 na kutawala mpaka alipokufa katika ajali ya ndege Agosti 1988. Utawala wake ulijenga uhalali kwa kujinasibisha na dini. Vyama vya wanafunzi vilipigwa marufuku mwaka 1984, na muziki wa vijana ukajificha majumbani. Katika kitabu chake cha mwaka 2010, *Rock & Roll Jihad*, Salman anasimulia jinsi wanafunzi wa mrengo mkali walivyovamia onyesho dogo la siri chuoni na kulivunja gitaa lake mbele ya wenzake.

Ndugu wasikilizaji, hapa tuwe waangalifu. Tukio kama hilo lingeweza kumfanya kijana aamini kwamba dini na muziki haviwezi kukaa pamoja, akachagua kimoja. Salman hakufanya hivyo. Alimaliza masomo akawa daktari, na akajiunga pia na Vital Signs, bendi ambayo wimbo wake wa kizalendo wa mwaka 1987, "Dil Dil Pakistan", ulikuwa umefungua mlango wa muziki mpya wa vijana. Vital Signs walipiga pop laini, yenye kupendeza masikioni. Salman alitaka kitu kizito zaidi, akajitoa na kuunda Junoon.

Mwimbaji alikuwa Ali Azmat, kijana wa Lahore aliyekuwa akiimba na kundi la Jupiters, mwenye sauti kavu inayoweza kunguruma kisha ikalalamika ndani ya mstari mmoja. Baada ya albamu ya kwanza ya mwaka 1991, aliyekuja kushika gitaa la besi ni yule yule Brian O'Connell wa Tappan, aliyefunga safari kutoka Marekani na kukaa Pakistani.

Albamu hiyo ya kwanza haikutikisa nchi. Ya pili, *Talaash*, ilitoka mwaka 1993 na kuwapatia wafuasi. Hata hivyo bado ilikuwa roki iliyoimbwa kwa Kiurdu. Uso halisi wa Junoon ulianza kuonekana katika albamu ya *Inquilaab* ya mwaka 1996, baada ya Salman kupita katika chuo kingine ambacho hakitoi shahada.

Chuo hicho kilikuwa jukwaa la Nusrat Fateh Ali Khan, bingwa wa kawali, uimbaji wa Kisufi wa Bara Hindi, aliyezaliwa Faisalabad mwaka 1948. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Salman alipata kumpigia gitaa katika maonyesho ya kuchangisha fedha za hospitali ya saratani iliyokuwa ikijengwa Lahore na Imran Khan, nahodha aliyeiletea Pakistani Kombe la Dunia la kriketi mwaka 1992. Kijana aliyelelewa na Led Zeppelin alijikuta amekaa karibu na mtu ambaye kwa sauti tupu, harimoni na makofi aliweza kuwainua maelfu kutoka vitini. Nguvu aliyoikuta New York ilikuwepo Punjab kwa karne nyingi.

Hoja ya pili: Kawali na roki hujengwa kwa namna zinazokaribiana

Wapo wanaodhani muungano huu ni wa kulazimisha. Tuchunguze basi jinsi kila upande unavyofanya kazi.

Kawali inatokana na majlisi za tarika ya Chishtiyya, na mapokeo humtaja Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyefariki mwaka 1325, kuwa ndiye baba yake. Waimbaji hukaa chini kwa safu. Mbele yuko kiongozi na wasaidizi wake pamoja na harimoni. Nyuma yuko mpigaji wa tabla au dholak, na waitikiaji wanaopiga makofi. Harimoni hutangulia peke yake, kisha kiongozi hughani beti bila mdundo, taratibu. Ngoma huingia. Kiitikio hurudiwa. Kiongozi akiona mstari mmoja umemgusa msikilizaji, hung'ang'ania mstari huo, huurudia mara kumi au ishirini, kila mara kwa pambo jipya, huku mwendo ukipanda. Lengo ni kumfikisha msikilizaji katika hali, ile ambayo wenye kuhudhuria zikri hawahitaji kuelezwa.

Sasa tazama wimbo mrefu wa roki wa miaka ya 1970. Nao hutangulizwa na gitaa peke yake. Kipande kifupi cha muziki hurudiwa mpaka kinamkaa msikilizaji mwilini. Mwimbaji hupanda, gitaa hujibu, mpiga gitaa huachiwa nafasi ya kubuni papo hapo, na mwendo hufika kileleni. Marudio, majibizano, ubunifu wa papo hapo na kupanda kwa mwendo ni nguzo nne zinazopatikana pande zote mbili.

Yako pia mambo ya ufundi. Muziki wa raga, yaani ule wa jadi wa Bara Hindi, hukaa juu ya noti moja ya msingi inayovuma muda wote, na gitaa linaweza kuvumisha uzi mmoja mtupu huku nyuzi nyingine zikisema. Mpiga gitaa wa umeme huvuta uzi ili noti iteleze kutoka sauti moja hadi nyingine, na utelezi huo unafanana na mapambo ya mwimbaji wa raga. Mapigo manane ya keherwa, yanayotumika sana katika kawali, hukaa bila taabu juu ya mapigo manne ya ngoma za roki. Junoon walimleta Ustad Ashiq Ali Mir kwenye tabla, na tabla yake ikawa mhimili wa nyimbo zao, sawa na gitaa lenyewe.

Mavuno ya kazi hiyo yalionekana mwaka 1997 katika albamu ya *Azadi*. Wimbo wake uitwao "Sayonee" unaanza kwa gitaa kavu, inaingia tabla, kisha sauti ya Ali Azmat inamlalamikia mwenzi kwamba moyo haupati utulivu. Maneno yalitungwa na Sabir Zafar, mshairi aliyeiandikia bendi sehemu kubwa ya nyimbo zake, na ambaye kila anayeizungumzia Junoon anapaswa kumtaja. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza katika vituo vya Channel V na MTV nchini India, nchi ambayo kwa kawaida nyimbo zake za filamu ndizo zilizokuwa zikisikilizwa na Wapakistani. Safari hii wimbo ulivuka mpaka kuelekea upande wa pili.

Hoja ya tatu: Ushairi wa Kisufi wa Punjab ulikuwa na ukali wa roki kabla ya roki kuwapo

Hoja hii ndiyo kiini cha mhadhara, na wasikilizaji wanaombwa subira kidogo, maana inatulazimu kurudi nyuma karne kadhaa.

Katika mji wa Kasur, kusini mwa Lahore, lipo kaburi la Bulleh Shah, mshairi aliyeishi takriban kati ya mwaka 1680 na 1757. Alikuwa sharifu, mtu wa nasaba tukufu. Alipotafuta murshidi alimchagua Shah Inayat wa Lahore, aliyetoka katika jamii ya wakulima wa bustani, ambayo katika ngazi za jamii ya Punjab ilihesabiwa kuwa ya chini. Jamaa zake walihamaki: itakuwaje sharifu aketi miguuni pa mkulima? Bulleh Shah hakurudi nyuma. Maisha yake yote alitunga mashairi ya Kipunjabi, yaitwayo kafi, ambamo anawacheka wasomi wenye vitabu vingi na mioyo mikavu, anawakemea wanaojigamba kwa nasaba, na anajiuliza yeye mwenyewe ni nani hasa. Inasimuliwa kwamba alipofariki baadhi ya wakuu wa dini walikataa azikwe katika makaburi ya mji. Leo mji umelizunguka kaburi lake, na mahujaji humiminika kwenye hauli yake kila mwaka.

Kabla yake alikuwepo Shah Hussain wa Lahore, aliyefariki mwaka 1599, mtoto wa jamii ya wafumaji. Hauli yake ndiyo sikukuu ya taa inayojulikana kama Mela Chiraghan. Naye alitunga kwa lugha ya watu wa kawaida, mara nyingi kwa sauti ya msichana asokotaye pamba anayemngoja mpenziwe. Wasikilizaji wa Pwani wanaojua tungo zetu za mafumbo wataelewa haraka: mpenzi anayengojwa ni Mola, na gurudumu la kusokotea ni umri unaopita.

Albamu ya *Parvaaz*, iliyotoka mwaka 1999, ndiyo iliyozama zaidi katika bahari hiyo. Wimbo wa "Bulleya" umejengwa juu ya kafi mashuhuri kuliko zote ya Bulleh Shah, ile ambayo mshairi anazikana anwani zote ambazo watu hubandikana: za msikiti na hekalu, za mji na ukoo. Fikiria nini kinatokea shairi hilo linapoimbwa mwaka 1999 na bendi ya Pakistani yenye Waislamu wawili wa Lahore na Mkristo mmoja wa New York, mbele ya vijana walioambiwa tangu utotoni kwamba jirani yao Mhindi ni adui. Shairi hilo halikuhitaji kufanywa la kisasa. Swali la karne ya 18 lilikuwa bado linauma.

Junoon hawakuishia kwa masufi wa zamani. Katika *Azadi* waliimba "Khudi", kutoka kwa Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1938 na anayeheshimiwa kama baba wa wazo la Pakistani. Iqbal huning'inizwa ofisini katika fremu na husomwa na watoto shuleni wakiwa wamesimama wima. Junoon walimtoa katika fremu. Beti zinazomtaka mtu ainue nafsi yake mpaka awe na neno katika hatima yake ziliimbwa na maelfu ya vijana wenye jasho, na baadhi ya wahafidhina wakaona huo ni utovu wa adabu. Vijana wenyewe walisikia shairi la darasani likisema nao kwa mara ya kwanza.

Hapa upo uhusiano na pwani yetu ambao si wa kubuni. Shah Inayat na Bulleh Shah wanahesabiwa katika silsila ya Qadiriyya. Tarika hiyo hiyo ndiyo aliyoieneza Sheikh Uways wa Barawa huku kwetu, hadi Zanzibar, kabla ya kuuawa mwaka 1909, na zikri zake bado zinasomwa. Upande wa muziki, harimoni ya Kihindi iliingia katika taarabu, na Mombasa ilimlea Juma Bhalo, aliyewapa mashabiki wake mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi. Masikio ya Pwani yana ujamaa wa siku nyingi na sauti ambazo Junoon walizipitisha katika amplifaya.

Hoja ya nne: Serikali ziliuelewa muziki huu kuliko wakosoaji

Mkosoaji anaweza kusema kwamba haya yote ni mapambo na kwamba vijana walifuata kelele tu. Ushahidi wa kumjibu unatoka kwa watawala.

Mwaka 1996 Junoon walitoa wimbo uitwao "Ehtesaab", wenye kudai wakubwa wawajibike kwa mali ya umma. Katika video yake alionekana farasi wa mchezo wa polo akila chakula katika hoteli ya kifahari, na nchi nzima ilijua anasemwa nani, maana habari za farasi wa Asif Zardari, mume wa Waziri Mkuu Benazir Bhutto, zilikuwa midomoni mwa kila mtu. Televisheni ya taifa iliikataa video hiyo. Novemba mwaka huo huo serikali ya Benazir ilifutwa na Rais kwa tuhuma za ufisadi.

Akaja Waziri Mkuu Nawaz Sharif. Chini yake televisheni ya taifa ilianza kuwakataa wanamuziki wenye nywele ndefu na suruali za jinzi, na Junoon walikuwa na vyote viwili. Ugomvi mkubwa ulizuka mwaka 1998. India ilifanya majaribio ya mabomu ya nyuklia tarehe 11 na 13 Mei. Pakistani ikajibu kwa majaribio yake tarehe 28. Katika majira hayo Junoon walikuwa wakizunguka India kwa maonyesho yaliyofurika watu. Wakiwa huko walizungumza hadharani dhidi ya mashindano ya silaha, wakitaka nchi hizi mbili zibadilishane utamaduni badala ya vitisho. Serikali ya Pakistani iliwashutumu kwa usaliti, na nyimbo zao zikaondolewa katika redio na televisheni za umma.

Tuseme wazi ukubwa wa adhabu hiyo. Pakistani ya mwaka 1998 haikuwa na utitiri wa vituo binafsi vya televisheni. Milango hiyo ilifunguka mwaka 2002, wakati wa utawala wa Jenerali Musharraf. Kwa mwanamuziki, kufungiwa na chombo cha umma kulikuwa kufungiwa nchi. Junoon waliendelea kuuza kanda na kujaza viwanja, na *Parvaaz*, albamu yao ya Kisufi kuliko zote, ilitoka katika kipindi hicho hicho cha marufuku. Walipozibwa mdomo walimkimbilia Bulleh Shah, mtu ambaye inasimuliwa kwamba alinyimwa hata nafasi katika makaburi ya mji.

Shinikizo lilitoka pia upande mwingine. Uchaguzi wa mwaka 2002 uliupa muungano wa vyama vya kidini serikali ya jimbo la kaskazini-magharibi, na muziki ukapigwa marufuku katika mabasi ya abiria. Salman alikwenda Peshawar, mji mkuu wa jimbo hilo, na kamera za filamu ya hali halisi iitwayo *The Rock Star and the Mullahs*, iliyotoka mwaka 2003, akaketi na wanazuoni na wanafunzi wa madrasa, akawaomba wamwonyeshe aya inayoharamisha muziki. Mjadala wa ala za muziki katika Uislamu ni wa zamani, una wanazuoni wakubwa pande zote, na hautamalizwa katika ukumbi huu. Cha kuzingatia ni adabu ya kitendo chenyewe: mwanamuziki aliwaendea wapinzani wake walipo, akaketi, akauliza na kusikiliza.

Hoja ya tano: Muziki huu ulivuka mipaka, lakini ulikuwa na mipaka yake

Tarehe 24 Oktoba 2001, Siku ya Umoja wa Mataifa, Junoon walipiga ndani ya ukumbi wa Baraza Kuu jijini New York. Zilikuwa zimepita wiki sita tu tangu mashambulizi ya Septemba 11, na vita vya Afghanistan vilikuwa vimeanza. Bendi ya Waislamu na rafiki yao Mkristo ilisimama katika mji ulioumizwa na kuimba ushairi wa Kisufi. Mwaka 2007 Salman alialikwa kupiga katika tamasha la Tuzo ya Amani ya Nobel jijini Oslo. Mei 2008 Junoon walipiga Srinagar, kando ya Ziwa Dal, katika Kashmir inayotawaliwa na India, ingawa makundi ya wapiganaji yalikuwa yametaka onyesho lisusiwe. Maelfu ya vijana walikuja. Kizazi kizima cha Srinagar kilikuwa kimekua bila kuona kitu kama hicho.

Kashmir haikupata amani kwa sababu ya onyesho lile. Muziki haukusimamisha vita vya Kargil kati ya India na Pakistani mwaka 1999, miezi michache tu baada ya mawaziri wakuu wa nchi hizo mbili kukumbatiana Lahore. Tukiwasifu wasanii, tusiwatwishe mzigo wa wanasiasa.

Ipo pia mipaka iliyotoka ndani. Wimbo wao "Jazba-e-Junoon", uliosikika kila kona wakati wa Kombe la Dunia la kriketi la mwaka 1996, ulikwenda sambamba na matangazo ya kinywaji, na wakosoaji waliuliza fukara wa Kisufi anatafuta nini katika tangazo la biashara. Swali hilo ni halali. Jibu la haki ni kwamba bila fedha za matangazo, bendi isiyopendwa na televisheni ya taifa isingeweza kulipa hata gharama za jukwaa. Na ni haki vilevile kukiri kwamba mlango uliofunguliwa hapo uliingiza wengi waliotumia jina la Usufi kama nembo ya kuuzia bidhaa.

Bendi yenyewe haikudumu pamoja. Kufikia mwaka 2005 Ali Azmat alikuwa ameshika njia yake kama mwimbaji wa peke yake, naye Brian O'Connell akaondoka. Salman aliendelea na jina la Junoon, lakini mashabiki walijua kwamba ule utatu ulikuwa umevunjika. Ilibidi wangoje mpaka tarehe 25 Desemba 2018, walipowaona wote watatu tena katika jukwaa moja, mjini Karachi.

Tunakoelekea

Mabibi na mabwana, mbegu ya Junoon ilikwisha kuota kwingine. Mwaka 2004, Rabbi Shergill, Kalasinga wa India, aliimba kafi ile ile ya Bulleh Shah kwa gitaa na kuwafikia wasikilizaji ambao hawakuwahi kumsikia Ali Azmat. Mwaka 2008 Rohail Hyatt, aliyekuwa Vital Signs pamoja na Salman, alianzisha Coke Studio nchini Pakistani, kipindi kilichowaketisha waimbaji wa kawali na wapiga gitaa katika chumba kimoja na kurekodi mapatano yao. Mwaka 2022 Arooj Aftab, aliyekulia Lahore, akawa Mpakistani wa kwanza kupata tuzo ya Grammy, kwa wimbo wa "Mohabbat".

Wakati huo huo urithi wenyewe umekuwa shabaha. Julai 2010 walipuaji wa kujitoa mhanga waliua makumi ya watu katika kaburi la walii Ali Hujwiri jijini Lahore. Juni 2016 mwimbaji wa kawali Amjad Sabri alipigwa risasi akiwa garini mchana kweupe Karachi. Februari 2017 mlipuko uliua zaidi ya watu 80 katika kaburi la walii Lal Shahbaz Qalandar, mjini Sehwan. Waliofanya hayo waliijua vyema nguvu ya mikusanyiko hiyo. Kuimba kawali na kafi leo si jambo jepesi, na wanaoendelea kuimba wanastahili heshima kubwa kuliko makofi.

Uamuzi wa mhadhara huu ni kwamba Junoon walifaulu kwa sababu walikubali kuwa wanafunzi. Salman alikaa jukwaani kwa Nusrat, bendi ikampa Ustad Ashiq Ali Mir nafasi ya mhimili, ikamwachia Sabir Zafar kazi ya maneno, ikawasoma Bulleh Shah na Iqbal kama watu wenye la kusema. Waigaji waliochukua mdundo bila kusoma beti wametoa nyimbo nyingi na kuacha chache.

Kwa hiyo rai inatolewa kwa makundi mawili yaliyoketi hapa. Vijana wenye magitaa: nendeni kwenye maulidi na hauli za Lamu, Zanzibar, Mombasa na Bagamoyo, mkawasikilize wapiga matwari na wasomaji wa kaswida, kwa idhini yao na kwa adabu, kabla hamjaunganisha chochote na chochote. Wazee na walimu mnaoshika hazina hiyo: wafungulieni mlango, na mkubali zirekodiwe, zitajwe watunzi wake na zihifadhiwe katika vyuo vyetu wakati wenye kuzijua wangali hai. Kazi hiyo inaweza kuanza msimu huu wa maulidi.